Karafuu, Ukuta na Binti wa Penang

Mkono wa bahari unaopanda hadi chini ya kilima cha Chake Chake hauna maji ya kutosha. Bahari ikipwa hubaki tope na mikoko, na nahodha mwenye mzigo ama asubiri maji yajae, ama atie nanga Wesha, kilomita chache magharibi mwa mji, penye kina. Wageni wengi huipita Wesha mbiombio wakiwahi boti ya kwenda Misali, lakini kwa upande wa bahari hapo ndipo mlango wa Chake ulipo. Mbele zaidi, kwenye rasi ya Mkumbuu, yamesimama magofu ya msikiti na makaburi ya mji uliokuwa na wafanyabiashara wake karne nyingi kabla Mreno hajaiona Pemba. Wako wanahistoria wanaoamini kwamba hiyo ndiyo Qanbalu aliyoitaja al-Masudi, msafiri aliyeijua pwani hii mwaka 916. Watu wa upande huu walikuwa wakiagana na kukutana kwa pepo za kaskazi na kusi, na bahari ilikuwa ikiwapeleka mbali kuliko barabara yoyote ya bara.

Njia ninayoifuata katika makala hii inaanzia hapo Wesha, inakwenda mashariki kinyume na ilivyokuja karafuu, na inaingia mwishowe katika kiwanja cha skwoshi. Najua inaonekana safari ya ajabu. Skwoshi haina mizizi Pemba. Mtu wa hapa akizungumzia michezo atakutajia mpira wa miguu, netiboli, resi za ngalawa, bao, na ule mchezo wa ng'ombe ambao wengi wanasema tuliachiwa na Wareno, vijana wakimchezea dume huku wanawake wakiimba pembeni. Lakini mwanamke aliyekaa juu ya dunia katika skwoshi kwa muda mrefu wa kushangaza alitoka katika kisiwa cha karafuu, na ukifuata mti huo utafika mlangoni kwao.

Kila Mpemba anajua shughuli ya karafuu: kupanda mkarafuu na kuangua vishada, kuchambua makonyo, kuanika juu ya majamvi na kuomba mvua isinyeshe. Asili ya mti ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na Waholanzi waliulinda huko kwa ukali usio na mfano. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuwapiga chenga. Watu wake waliitorosha miche hadi Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi katika kuuleta ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Sayyid Said bin Sultan aliusukuma mti huo kwa amri. Pemba ilikuwa nyuma katika biashara hiyo hadi Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea, na tangu hapo imebeba sehemu kubwa ya karafuu ambazo dunia inaziita za Zanzibar. Wachumaji wa miaka hiyo, hadi sheria ya 1897 ya kuufuta utumwa, wengi wao walikuwa watumwa. Tunapoisifia harufu tukumbuke na hilo.

Tawi la pili la njia ya karafuu halisimuliwi sana kwetu. Waingereza walipoiteka Maluku mwaka 1796, Kampuni yao ya India ya Mashariki ilimtuma mtaalamu wake wa mimea, Christopher Smith, akakusanye miche ya karafuu na kungumanga. Miche kwa maelfu ilipelekwa Penang, kisiwa kilichoko pwani ya Malaya penye njia ya meli za China, ambako Francis Light alikuwa ameitweka bendera ya Uingereza mwaka 1786. Katika soko la London la karne ya 19 karafuu za Penang zilisifiwa kwa ukubwa na ubora. Za Zanzibar zilishinda kwa wingi na kwa bei. Mashamba ya kule yalififia, magonjwa yakaila mikungumanga, na Penang ikageukia biashara nyingine. Huku kwetu mkarafuu ulibaki kuwa kila kitu: ada ya skuli, mahari, deni la dukani, na siasa.

Basi tuna visiwa viwili, mti mmoja na bahari moja. Kuanzia 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, hata bendera ya wakubwa ikawa moja. Pemba ni kubwa, zaidi ya mara tatu ya Penang. Tarehe 26 Agosti 1983, huko Penang, alizaliwa Nicol Ann David, mtoto wa tatu wa baba mhandisi mwenye asili ya Kihindi na mama mwalimu mwenye asili ya Kichina. Baba, Desmond, alikuwa mwanamichezo. Dada zake wawili, Lianne na Cheryl, walitangulia kushika raketi, naye akawafuata akiwa na miaka mitano.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Watu wawili hufungiwa katika chumba chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Kila mmoja ana raketi. Mpira ni mdogo, wa gramu 24 hivi, na lazima ugonge ukuta wa mbele juu ya bati lililowekwa chini yake. Mwenzako ana haki ya kuudundisha sakafuni mara moja tu kabla ya kuurudisha. Ukiwa baridi mpira huo haudundi, umekufa kabisa, ndiyo maana wachezaji huanza kwa kuupigapiga hadi upate moto. Hakuna wavu kati ya wachezaji. Wanapishana, wanazungukana, wanavutiana pumzi, na anayeishika sehemu ya katikati humtuma mwenzake kona baada ya kona. Msichana aliyecheza rede skuli anajua tabu ya kukaa katikati huku mpira ukimjia kutoka pande mbili. Kwenye skwoshi mambo yamegeuzwa, katikati ndiko kwenye enzi.

Mchezo huu hauwezi kuchezwa mtu akiwa na uwanja na nia peke yake. Mpira wa miguu unataka kipande cha ardhi na kitu cha duara, hata kiwe cha matambara. Netiboli inataka nguzo mbili. Skwoshi inataka kuta nne zilizonyooka, sakafu ya mbao, paa, taa, na mtu wa kuvilipia. Kwa hiyo ukitaka kujua nani aliweza kuwa bingwa wa skwoshi, uliza kwanza nani alijenga kuta, wapi, na nani aliruhusiwa kuingia.

Kuta za kwanza zilikuwa Harrow, skuli ya watoto wa wakubwa Uingereza, ambako wanafunzi wa karne ya 19 waliupunguza mchezo wa zamani zaidi wa raketi, mchezo ambao, kwa kejeli ya historia, ulikuwa ukichezwa pia katika jela za wadaiwa za London. Kutoka Harrow ukaenda jeshini na serikalini, na maofisa wakausafirisha pamoja na chai yao. Palipokuwa na kambi kubwa au klabu ya maofisa palijengwa kiwanja. Peshawar palikuwa na viwanja hivyo, na kijana aliyekuwa akiwaokotea maofisa mipira, Hashim Khan, aliondoka huko akaenda kushinda mashindano ya British Open mwaka 1951. Cairo walikuwa na klabu ya Gezira, iliyoanzishwa mwaka 1882 mara tu Waingereza walipoikalia Misri. Mmisri wa kwanza kuwaduwaza Waingereza kwao, Amr Bey, alikuwa mwanadiplomasia, na alishinda British Open mara sita mfululizo, kuanzia 1933 hadi 1938. Wa pili, Mahmoud Karim, alitoka upande wa wafanyakazi wa klabu, akashinda mara nne kuanzia 1947.

Afrika Mashariki kuta zilifuata njia hiyohiyo. Nairobi na Mombasa zilikuwa na klabu za walowezi na za Wahindi. Dar es Salaam ilikuwa na Gymkhana. Kutoka Nairobi ametokea Khaaliqa Nimji, aliyecheza mzunguko wa kulipwa wa wanawake na kuiwakilisha Kenya, na kwangu mimi huyo ndiye jirani wa karibu zaidi wa hadithi hii. Zanzibar walikuwa na klabu yao ya Kiingereza tangu 1888, jengo la Shangani ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikuja kuitwa Africa House, na walikuwa na viwanja vya Mnazi Mmoja vya kriketi, tenisi na gofu. Pemba maofisa walikuwa wachache mno. Mkuu wa wilaya, daktari, mtu wa kilimo, na wamisionari wa Kikwekwa waliokaa karibu na Chake: hao hawatoshi kuunda ligi ya chochote. Serikali ya ulinzi ilikitazama kisiwa hiki kama shamba, na shambani hujengwa ghala.

Hapa inafaa kuuliza wanawake walikuwa wapi. Jibu lilinishangaza nilipolikuta. Mashindano makuu ya wanawake ya Uingereza yalianza mwaka 1922, na bingwa wa kwanza ni Joyce Cave. British Open ya wanaume haikuanza hadi 1930. Wanawake hao walikuwa wa tabaka la juu, wenye kuta zao nyumbani na katika klabu, na hawakulipwa hata senti. Janet Morgan alishinda mara kumi mfululizo katika miaka ya 1950. Kisha akaja Heather McKay, binti wa muoka mikate wa Queanbeyan, Australia, katika familia ya watoto kumi na mmoja. Alishinda taji hilo miaka 16 mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1977. Katika maisha yake yote ya mchezo alipoteza mechi mbili tu, moja mwaka 1960 na moja mwaka 1962, halafu hakupoteza tena hadi alipostaafu. Fainali ya 1968 alimfunga Bev Johnson 9-0, 9-0, 9-0. Mwaka 1976 yalipoanzishwa mashindano ya dunia ya wanawake, huko Brisbane, aliyashinda hayo pia. Sijui mchezaji mwingine wa mchezo wowote, mwanamume au mwanamke, mwenye rekodi inayomtia mpinzani unyonge kiasi hicho kabla hajavaa viatu.

Ila McKay hakuwa na kazi inayoitwa skwoshi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Mchezo wa kulipwa kwa wanawake ulijengwa polepole baada yake. Chama chao cha kimataifa kiliundwa mwaka 1983, mwaka uleule aliozaliwa Nicol David, na kwa miongo mitatu wanawake walitembea na mzunguko wao na zawadi zao ndogo, mbali na wanaume. Chama chao na cha wanaume viliungana mwaka 2015. Mashindano ya dunia ya Chicago, mapema 2019, yalikuwa ya kwanza kutenga dola milioni moja na kuzigawa sawasawa, nusu kwa wanawake na nusu kwa wanaume. Nicol David alicheza huko akiwa anaaga. Yaani fedha zilikuja mezani yeye akinawa mikono.

Turudi Penang. Waingereza waliondoka Malaya mwaka 1957 na kuacha viwanja vyao vya klabu, kama walivyoviacha kwingine. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Penang ilirithi kuta na Pemba haikurithi, tukaishia hapo. Lakini kuta alizokulia Nicol hazikuwa za klabu ya maofisa. Zilikuwa za kituo cha Bukit Dumbar, kiwanja cha jimbo, na leo kituo hicho kina jina lake. Malaysia huru ndiyo iliyojenga viwanja, ikaajiri makocha, na kuwafuatilia watoto kutoka mashindano ya skuli. Ilipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1998 mjini Kuala Lumpur, skwoshi iliingizwa katika michezo hiyo kwa mara ya kwanza, na kikajengwa kituo kizima kwa ajili yake huko Bukit Jalil. Nicol alicheza, akiwa na miaka 15. Miezi michache baadaye alichukua dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Bangkok. Mwaka 1999 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, Antwerp. Mwaka 2001 akautetea ubingwa huo nyumbani Penang, wa kwanza kuupata mara mbili. Alikuwa ameshaingia mzunguko wa kulipwa mwaka 2000.

Halafu akaanguka. Mwaka 2002 kwenye Michezo ya Asia ya Busan alikwenda kutetea dhahabu yake na fainali akafungwa na Rebecca Chiu wa Hong Kong. Aliiweka raketi chini kwa muda. Alikuwa na miaka 19, nchi nzima imemshikia matarajio, na mchezo umegeuka mzigo. Kitu alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiona kuwa kiini cha maisha yake ya kazi, kuliko taji lolote. Mwaka 2003 alihamia Amsterdam, kwenye baridi, kwenda kufundishwa na Liz Irving wa Australia, ambaye mwenyewe alikuwa ameshika nafasi ya pili duniani na mama yake pia alikuwa mchezaji. Malaysia ilikuwa na viwanja na makocha. Aliyekuwa akimkosa ni mtu aliyekwishaishi maisha ya mwanamke wa kulipwa, anayejua hoteli za peke yako, kuumia kwa siri, na jinsi ya kucheza kesho yake baada ya kushindwa leo.

Miaka miwili baadaye, Hong Kong, alimfunga Rachael Grinham katika fainali ya dunia ya 2005. Januari 2006 akawa namba moja, mwanamke wa kwanza kutoka Asia kufika hapo katika skwoshi. Alishuka kidogo, akarudi juu Agosti mwaka huohuo, na hakushuka tena hadi Septemba 2015. Ni miaka tisa mfululizo. Mtoto aliyezaliwa Wesha siku aliyopanda angekuwa darasa la tatu siku aliyoshuka. Mataji ya dunia yakawa manane: 2005, 2006, 2008, 2009, 2010, 2011, 2012 na 2014. British Open alizichukua tano. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola alipata dhahabu Delhi mwaka 2010 na Glasgow mwaka 2014. Sikuorodhesha yote, maana orodha inachosha na haionyeshi alivyocheza. Hakuwa mrefu wala hakuwa mwenye mkono wa mbwembwe. Alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote, anaurudisha mpira ambao watu wameshaanza kuupigia makofi, na anaurudisha tena, hadi mwenzake anaanza kuwaza namna ya kuumaliza upesi. Hapo ndipo kosa hutokea.

Taji la mwisho la dunia lilikuwa Cairo, Desemba 2014, dhidi ya Raneem El Welily, mbele ya watu wa Raneem. Seti ya nne Raneem aliongoza 10-6, akiwa na nafasi nne za kumaliza mechi. Nicol akazifuta zote, akaichukua seti 14-12, ya tano akaimaliza 11-5. Miezi tisa baadaye Raneem alimpokonya namba moja na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kuongoza orodha ya dunia katika mchezo wowote. Ishara ilikuwa imekwishatolewa mapema. Mashindano ya dunia ya 2013, yaliyochezwa Machi 2014, yalifanyika Penang kwenyewe, na katika nusu fainali binti wa nyumbani alitolewa na msichana wa Alexandria mwenye miaka 18, Nour El Sherbini. Mwaka 2016 El Sherbini akawa bingwa wa dunia, na tangu hapo ubingwa umekuwa mambo ya Wamisri wakishindana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo njia iliyotoka Pemba kwenda Penang ikarudi Afrika kupitia Misri, na hilo linaturudisha kwenye swali la kuta. Klabu za Cairo na Alexandria, zilizokuwa za maofisa, ziligeuka kuwa mahali pa familia za tabaka la kati. Mama anakwenda kukaa bustanini, watoto wanaogelea, na chumba cha skwoshi kiko palepale, bingwa wa dunia akijifua mlango wa pili. Msichana wa miaka minane anacheza mchana na mtu ambaye jioni anamwona kwenye televisheni. Kuna watakaosema Wamisri wana kipaji cha asili. Mimi naona klabu, jioni ndefu, na wazazi wasioona aibu kumpeleka binti kwenye mashindano. Kuna pia upande usiopendeza: uanachama wa klabu hizo ni ghali, na mtoto wa mtumishi leo huenda ana njia nyembamba kuliko aliyokuwa nayo Mahmoud Karim.

Kuhusu aibu, Zanzibar ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Unguja iliundwa timu ya mpira wa miguu ya wanawake iliyojiita Women Fighters, na mwalimu wake, Nassra Juma Mohammed, alikuwa mchezaji kabla ya kuwa kocha. Mwaka 2007 mtengenezaji filamu Florence Ayisi, Mkameruni, aliwafanyia filamu, na dunia ikawaona wakicheza. Waliambiwa mengi: mpira ni wa wanaume, nguo si za heshima, binti wa Kiislamu hakimbii mbele za watu. Waume waliwakataza wake zao. Wao walijibu kwa kuendelea kufanya mazoezi, wengine wakivaa mtandio njiani na jezi uwanjani, na miaka mingi baadaye bado wanatajwa kila linapozungumzwa soka la wanawake visiwani.

Nikiwafikiria hao naiona kejeli moja. Hoja nzito zaidi dhidi yao ilikuwa uwanja wa wazi, macho ya wapita njia. Skwoshi ya zamani, kwa maumbile yake, ilikuwa mchezo wa faragha: kuta nne za saruji, mlango mdogo unaofungwa, na roshani juu ambayo unaweza kuamua nani aingie. Kati ya michezo yote iliyoletwa na Waingereza huu ndio ambao ungeweza kuingia nyumba ya heshima ya Zanzibar bila kelele, kama ulivyoingia nyumba za Cairo. Haukuingia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kujenga chumba kwa ajili ya mabinti kucheza. Baadaye mchezo wenyewe ukabadilika. Televisheni ilidai kuona, kuta zikawa za kioo, na leo fainali huchezwa ndani ya sanduku linaloonekana pande zote, mbele ya mapiramidi ya Giza au ndani ya stesheni ya treni. Faragha imekwisha. Mwanamke wa kulipwa wa leo anafanya kazi yake akitazamwa kutoka kila upande, na mkataba wa udhamini unategemea kutazamwa huko.

Sisemi Pemba inahitaji kiwanja cha skwoshi. Gombani ina uwanja wake, skuli zina netiboli, na fedha kidogo zikipatikana ningependa zianzie kwenye vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana, kwa kuwa huko ndiko wengi wao huachia mchezo. Ninachokataa ni ile sentensi ya barazani kwamba visiwa vidogo havitoi mabingwa wa dunia. Penang ni kidogo kuliko Pemba. Kilichotoka pale kilijengwa, kwa bajeti na kwa mikutano ya kuchosha, na mtoto mmoja mwenye dada wawili akakikuta tayari.

Kitu kimoja Nicol hakukipata. Skwoshi iliomba kuingia Olimpiki za 2012, 2016 na 2020, ikakataliwa mara zote, na katika kampeni hizo yeye ndiye aliyekuwa uso wa mchezo wake. Alisema hadharani kwamba angetoa mataji yake yote ya dunia apate medali moja ya dhahabu ya Olimpiki. Alistaafu Juni 2019. Oktoba 2023 kamati ya Olimpiki, ikikutana Mumbai, iliikubali skwoshi kwa ajili ya Los Angeles 2028. Nicol David atakuwa na miaka 44 mashindano hayo yatakapoanza. Siku hizi yuko Malaysia, akiendesha taasisi yenye jina lake inayowafundisha watoto skwoshi na Kiingereza, na hakuna dalili kwamba Wamisri wanakusudia kuwaachia wanafunzi wake nafasi.